Kabla jina lake halijafutwa

Juma hili sitaongea juu ya uji wala juu ya kufua sare. Nataka tuongee juu ya mtoto anayesumbua darasani.

Katika kitabu cha majina cha kila darasa kuna mistari inayofutwa kwa kalamu nyekundu kabla mwaka haujafika nusu. Jina moja linafutwa sababu familia imehama. Jingine linafutwa sababu msichana ameozwa, na juu ya hilo nitaandika siku nyingine nikiwa na nafasi ya kutosha. Lakini kuna majina ambayo ukimwuliza mwalimu atakujibu neno moja tu: "Alinishinda." Huyo mtoto hakufa, hakuhama, hakukosa kaye. Alikuwa anapiga wenzake, anatoka kupitia dirishani, anamjibu mwalimu vibaya, anavunja kalamu za wengine. Mara ya kwanza alichapwa. Mara ya pili alitumwa kuleta mzazi. Mara ya tatu aliambiwa asirudi, na mzazi, kwa aibu, hakuenda kuuliza.

Kwingine mtoto aliyefukuzwa shuleni anakaa nyumbani, anauza mayai ya kuchemsha, mwaka unaofuata anajaribu shule nyingine. Hapa kwetu njia zinazomngoja ni chache na sote tunazijua. Mvulana wa miaka 12 au 13 asiye na pa kwenda asubuhi anaenda mahali anapoitwa. Anaanza kwa kuwachotea maji watu wenye silaha, kuwabebea mizigo, kusimama njiani kuwaambia nani anapita. Mwisho anapewa bunduki. Au anaelekea machimbo ya Walikale na harudi kwenye kaye tena. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba anayemwingiza mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lenye silaha anaadhibiwa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Ni sheria nzuri, na inafaa wababa wetu wote waijue. Lakini sheria haisimami njiani saa moja asubuhi kumshika mtoto mkono. Kwa hiyo mtoto anapokuwa bado kwenye kitabu cha majina, tunayo nafasi. Akishafutwa, kumrudisha ni kazi kubwa mara kumi.

Kila ninapofika kwenye mikutano ya vikundi, mama mmoja ananiambia: "Madamu, ninyi ndio mliosoma. Mimi niliachia darasa la tatu. Nitamsaidia mwalimu nini?" Utamsaidia kwa kitu ambacho yeye hakukisoma popote: habari za mtoto wako.

Kwanza muelewe mwalimu yuko katika hali gani, maana wengi mnapita karibu na shule bila kuingia. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wenyewe ulianza Septemba 2019. Mimi naunga mkono masomo ya bure, na mama yeyote mwenye watoto sita anajua kwa nini. Ila watoto walijaa kuliko vyumba. Halafu vita vikaongeza. Tangu Januari 2025, vita vilipofika Masisi-centre na kisha Goma, kuna watoto waliokaa miezi bila kushika chaki, na kuna familia zilizokimbia mara mbili, mara tatu. Darasa langu la tatu lina watoto 74. Mdogo kabisa ana miaka 8, mkubwa ana 14. Nyumbani huyu anasema Kihunde, huyu Kinyarwanda, huyu Kinyanga, huyu Kitembo, na Kiswahili ndipo wanapokutana. Benchi iliyotengenezwa kwa watoto watatu inakaliwa na watano. Mwalimu mwenyewe, kuna uwezekano naye alikimbia, na kuna uwezekano jina lake bado halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, ingawa anafundisha mwaka wa nne huu. Katika masomo yetu ya ualimu tulijifunza kutayarisha somo na tulijifunza saikolojia ya mtoto. Hakuna aliyetufundisha la kufanya milio ya risasi ikisikika katikati ya hesabu ya kugawanya.

Sisemi haya ili mumwonee mwalimu huruma. Nasema ili muone kwamba, kati ya watoto 74, mwalimu akigeuka kutoka ubaoni anaona ngumi tu. Hakuona kilichotokea kabla ya ngumi.

Na kabla ya ngumi huwa kuna jambo. Upepo unapiga bati la mlango, pa! Watoto wawili wanaingia chini ya benchi. Wenzao wanacheka. Aliyechekwa anatoka chini ya benchi na kumpiga wa kwanza anayemwona. Sisi tuliokuwa watoto Desemba 2004, wakati Nyabiondo iliposhambuliwa na watu wakaingia porini, tunajua mwili unavyokaa baada ya siku kama hizo. Sikio linalala macho. Mtu anakugusa bega kwa nyuma na moyo unaruka kabla hujajua ni nani. Mtoto aliyeona vita mwili wake unabaki tayari kukimbia au kupigana hata kama amekaa kwenye somo la Kiswahili na hakuna hatari yoyote. Kuna wanaopigana. Kuna wanaonyamaza kama jiwe, na hao hatuwaiti wasumbufu, kwa hiyo hakuna anayewauliza kitu, nami nafikiri hao ndio wa kuogopea zaidi. Kuna wanaokuwa na kisirani kwa kila neno. Kuna wanaosinzia saa tatu asubuhi sababu usiku hawalali.

Mwalimu mwenzangu wa darasa la nne alikuwa na mvulana wa miaka 11 aliyekuja na familia yake kutoka upande wa Walikale. Nitamwita Bahati, si jina lake. Bahati alikuwa anapigana karibu kila siku, na daima na watoto wa benchi ya nyuma yake. Alichapwa, akapigishwa magoti, akahamishwa benchi ya mbele ili mwalimu amwone vizuri. Hapo mbele ikawa vibaya zaidi. Direktere alishaandika jina lake kwenye kikaratasi cha watakaofukuzwa. Siku moja mama mdogo wa Bahati, anayemlea, alikutana na mwalimu kwenye njia ya shamba. Walisalimiana, wakaongea juu ya maharagi, na mama akasema hivi hivi tu, kama habari ndogo, kwamba nyumbani Bahati hakubali mtu apite nyuma yake. Usiku waliokimbia yeye alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na aliyekuwa nyuma yake hakufika.

Kesho yake mwalimu alimpeleka Bahati benchi ya mwisho kabisa, mgongo ukutani. Hakutoa hotuba. Alimwambia tu: "Wewe kaa hapa, nakuhitaji huku nyuma uwe unafunga dirisha mvua ikija." Sisemi alikuwa malaika. Aliendelea kuchelewa na kuandika vibaya. Lakini ngumi za kila siku zilipungua mpaka zikawa za mara moja moja, kama za watoto wengine. Alifika mwisho wa mwaka na jina lake liko.

Mama mdogo yule hakumaliza shule. Mazungumzo yao yalichukua labda dakika nne. Kama angeyasema Septemba badala ya Januari, mtoto angeokoka miezi minne ya fimbo. Simlaumu, hakuna aliyemwuliza.

Si kila usumbufu unatoka vitani, jamani, tusifanye vita kuwa jibu la kila kitu. Mtoto ambaye sikio linatoa usaha hasikii, basi anaongea na jirani. Asiyeona ubao anainuka inuka. Asiyekula tangu jana jioni anakuwa mkali saa nne, na kiazi kimoja cha kuchemsha mfukoni kingemtosha. Yupo mwingine ambaye walimu tunakutana naye zaidi madarasa ya juu, tunapotoka kwenye Kiswahili na kuingia kwenye Kifaransa: mtoto anayechekesha darasa kila anapoitwa kusoma. Anaona ni afadhali wenzake wamcheke kwa mzaha wake kuliko kwa kushindwa kusoma. Na wapo, ndiyo, waliozoea tu kufanya watakavyo sababu nyumbani hakuna anayewakataza. Hao nao wapo.

Sasa tuje kwenye fimbo, maana najua mnaningojea hapo.

Wamama wengi wanapoitwa shuleni wanamwambia mwalimu mbele ya mtoto: "Umpige tu, mimi amenishinda." Wanafikiri wanamtia mwalimu nguvu. Wengine wananikumbusha methali, samaki mkunje angali mbichi. Sawa, mkunje. Methali haikusema mvunje. Mtoto ambaye mwili wake tayari unangoja kupigwa, ukimpiga unamhakikishia kwamba alikuwa na haki ya kungoja. Anajifunza kukaa kimya mwalimu akiwa karibu na kulipiza mwalimu akiwa mbali, njiani, juu ya mtoto mdogo kuliko yeye. Pengine mtoto huyo mdogo ni wako.

Kuna wanaosema hayo ni maneno ya wazungu, Afrika bila fimbo hakuna masomo. Basi tuangalie kwa majirani zetu Uganda. Katika wilaya ya Luwero, watafiti walichukua shule za msingi 42. Nusu yake zilifanya kazi kwa miezi 18 na shirika la Raising Voices la Kampala: walimu walitunga kanuni za darasa pamoja na watoto, wanafunzi wakawa na kamati zao, wazazi wakaitwa kusaidia, na walimu wakajifunza namna nyingine za kurudi mtoto. Nusu nyingine ziliendelea kama kawaida. Mwaka 2014 wanafunzi wakaulizwa: katika juma lililopita, umepigwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule? Katika shule za kawaida karibu watoto 49 kwa 100 walisema ndiyo. Katika zile zilizobadilika, 31. Bado ni wengi, mimi sifurahii 31. Lakini angalieni jambo la pili: alama za mtihani hazikuanguka. Fimbo ilipungua na masomo yalibaki palepale, kwa hiyo fimbo haikuwa inashikilia masomo kama tunavyoamini. Walimu hao walikuwa Waafrika kama sisi.

Na huku kwetu mashariki mwa Kongo, kati ya 2010 na 2014, shirika la IRC lilisaidia walimu wa shule za msingi kukutana katika vikundi vyao wenyewe, kuzungumza juu ya darasa na kusaidiana namna ya kumfanya mtoto wa vita ajisikie salama. Watoto wa shule hizo walisema waliona shule yao na walimu wao wanawajali zaidi, na kusoma kwao kulipanda. Ninaloliona mimi hapo ni kwamba mwalimu naye anahitaji mahali pa kusemea "huyu mtoto amenishinda" bila kuchekwa na mwenzake.

Mama afanye nini, basi?

Aende kwa mwalimu kabla hajaitwa. Mwanzoni mwa mwaka, au juma mtoto anapoingia. Asiende wakati darasa limeshaanza, asiende na sauti ya juu, asiende na baba mwenye hasira. Amngoje wakati wa mapumziko au amkute njiani, na amwambie mambo mafupi: "Mwalimu, shikamoo na kazi. Mimi ni mama wa Espoir wa darasa la tatu. Usiku halali vizuri tangu tulipotoka nyumbani. Akisinzia umsamehe, na akishtuka umwite kwa jina polepole, usimguse." Hiyo tu. Mambo matatu yanatosha: kinachomshtua, kinachomtuliza, na anachokijua vizuri kufanya. Hili la tatu wengi wanalisahau. Mwambie mwalimu kwamba mtoto wako anajua kuchunga mbuzi, anajua kuimba, anajua kuhesabu pesa za soko. Mwalimu anatafuta mlango wa kuingilia, na wewe una ufunguo.

Si lazima useme yote. Kama mtoto, hasa msichana, amefanyiwa jeuri ya kimwili, siri yake si ya kupelekwa shuleni. Kwanza ni kituo cha afya, na haraka, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi baada ya hapo. Hata kama muda huo umepita, bado apelekwe, matunzo mengine yapo. Kwa mwalimu inatosha kusema: "Amepatwa na jambo zito, yuko chini ya matunzo, nakuomba umwangalie kwa upole." Mwalimu mwenye akili hataulizia zaidi.

Na usimwite mtoto wako shetani wala mchawi, hata kwa hasira, hata kama mhubiri fulani amekuambia hivyo. Sheria ile ile ya 2009 inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Neno hilo likifika darasani, wenzake watamkimbia na mwalimu hawezi tena kulirudisha.

Mwalimu naye akikueleza anachojaribu, kiendeleze nyumbani. Wengi wetu tunatumia njia ndogo ndogo. Tunampa mtoto mkorofi kazi: kugawa kaye, kufuta ubao, kuleta maji ya kunawa. Kuna wazazi wanaolalamika kwamba tunawapendelea wakorofi. Hapana. Mtoto mwenye kitu mikononi hana mkono wa kupigia. Tunapatana naye ishara, akiona moto unapanda kifuani anainua kitabu chake na anaruhusiwa kutoka nje, azunguke mti mara mbili, arudi. Tunaanza siku kwa namna moja kila asubuhi, wimbo uleule, tarehe ubaoni, kuitwa majina, sababu mtoto ambaye hajui kesho atalala wapi anapumzika akijua kitakachofuata walau kwa saa nne hizi. Jioni ukimwuliza, usianze na "Leo ulimpiga nani?" Muulize kazi aliyopewa. Siku mwalimu anapokuambia amefanya vizuri, mwite hadharani, majirani wasikie. Makosa yake majirani wanayasikia kila siku.

Kikundi cha wamama kinaweza kufanya zaidi ya mama mmoja. Ugomvi mwingi hautokei wakati wa somo. Unatokea wakati wa mapumziko, kwenye vyoo, na kwenye njia ya kurudi, mahali ambapo mwalimu mmoja hawezi kuwa. Wamama wa AVEC moja hapa kwetu walitumia orodha yao ya kuweka akiba kupanga zamu: kila siku wawili wanafika saa ya mapumziko, bila fimbo, wanakaa karibu na vyoo wakishona au wakichambua maharagi, basi. Hawafundishi, hawagombezi. Wako tu, na watoto wanajua mama fulani anaona. Majuma mawili ya kwanza tuliona tofauti, hasa kwa wasichana wadogo waliokuwa wanaogopa kwenda chooni. Juma la tatu mvua za kupanda zilianza na zamu ikafa. Ndivyo ilivyo, shamba halingoji. Wakitaka kuirudia, nashauri zamu iwe ya majuma mawili tu baada ya kila mara shule inapofunguliwa tena, wakati watoto wako moto zaidi, na kikundi kisijilazimishe mwaka mzima.

Kisha kuna komite. Kila shule inapaswa kuwa na COPA, komite ya wazazi, na COGES inayosimamia mambo ya shule. Mara nyingi tunakumbuka COPA ikiwa ni habari ya pesa au ya mabati. Mimi ningependa wamama walio katika COPA waweke jambo moja mezani kwenye mkutano ujao na walisimamie mpaka liandikwe: hakuna mtoto atakayefukuzwa kwa sababu ya tabia mpaka mama yake au anayemlea ameketi na mwalimu na mjumbe mmoja wa COPA, na sababu imeandikwa kwenye karatasi. Direktere wengine watakataa, watasema wanaingiliwa kazi. Waambieni kwa heshima kwamba hamwondoi mamlaka ya mtu, mnaomba siku saba kabla ya kalamu nyekundu. Katika siku saba mengi yanaweza kujulikana, kama yale ya Bahati.

Kumuunga mkono mwalimu kuna mpaka, na ni lazima niuseme ingawa mimi ni mwalimu. Mwalimu anayemwumiza mtoto mpaka damu, anayemtukana kwa kabila lake au kwa kuwa mhamaji, anayemwita msichana nyumbani kwake jioni "kusahihisha kaye", huyo haungwi mkono. Hapo mtoto anayekataa kwenda shule au anayekuwa mkali ghafla anakuambia jambo. Nendeni wawili au watatu, msiende peke yenu, mfike kwa direktere, na asiposikia mfike COPA na wakubwa wa shule. Vilevile mtoto anayekuja na kisu, au anayewasumbua wasichana njiani, habari yake haifichwi kwa jina la huruma. Anahitaji watu wazima wengi zaidi, na wale aliowaumiza wanahitaji kuona kwamba tumesikia.

Kwa juma hili ombi langu ni dogo. Kila kikundi kikutane na kitaje, bila kelele, watoto wa mtaa wake walioacha kwenda shule tangu Septemba sababu "walimshinda mwalimu". Jina, umri, darasa, na nani anamlea. Msiwaandike kwenye karatasi itakayozunguka, maana siku hizi karatasi za majina ya vijana zinaweza kuanguka mikono mibaya. Mkuu wa kikundi azishike kichwani na anitafute Jumamosi baada ya soko. Nitaenda naye kwa walimu, mmoja mmoja.

Juma lijalo nitajibu swali la mama wa Kashebere ambaye binti yake wa miaka 13 amewekwa darasa la pili pamoja na watoto wa miaka 7, na anaona aibu kukaa nao benchi moja. Mwenye swali kama hilo alipeleke kwa katibu wa kikundi chake kabla ya Jumatano.